Mkono ulio chini ya meza



Dereva wa treni hana usukani. Ana breki, ana honi, ana mpini wa kuongeza na kupunguza mwendo, lakini kulipeleka gari lake kulia au kushoto si kazi yake. Akifika mahali njia inapogawanyika, huenda alikopangiwa. Kinachompangia ni kipande cha reli chenye ncha nyembamba, ambacho husogezwa upande huu au ule na kuegemezwa kwenye reli kubwa. Tukiite swichi. Anayeisogeza, awe mtu au mota, abiria hamwoni.

Waliowahi kupita Tabora watanielewa upesi. Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro na Dodoma, na ikifika Tabora inakuwa njia mbili: moja ya Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914, na nyingine ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Kwa miaka mingi treni ya abiria ilikatwa hapo, mabehewa haya yakaenda Kigoma na yale yakaenda Mwanza. Abiria aliyelala fofofo ataamkia Ziwa Tanganyika au Ziwa Victoria, na yeye mwenyewe hakufanya lolote. Umbali wote huo kati ya maziwa mawili huanza na chuma kusogea kiasi cha upana wa kiganja.

Sisi wa Muscat tumezoea barabara. Kutoka Ruwi hadi Seeb kila mtu ana usukani wake, na aliyepitwa na njia hugeuza mbele kwenye mzunguko. Treni hatuna. Huko kaskazini kazi imeanza, ambako kampuni ya Hafeet Rail inajenga reli ya kilomita 238 kuiunganisha bandari ya Sohar na reli za Emirati, na treni zake za abiria zimepangwa kwenda hadi kilomita 200 kwa saa. Majirani zetu Waomani wenye asili ya Unguja walisimuliwa na wazee wao habari za reli ya Bububu, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1905. Lakini wengi wa watoto wetu waliozaliwa hapa hawajawahi kukanyaga behewa.

Ndiyo maana nilifurahi sana mzee wetu mmoja, aliyestaafu kazi ya reli nyumbani na sasa anakaa hapa kwa mwanawe, alipojitolea kujenga reli ndogo na watoto wa darasa la Ijumaa. Vifaa vyenyewe ni meza ya plaiwudi, reli nyembamba na treni ya umeme inayokaa kiganjani. Watoto walitaka waanze na milima na mitende. Yeye akawapa miwani ya kukinga macho, akawaambia walale chali chini ya meza.

"Babu, huku chini kuna nini?" binti mmoja akauliza.

"Huku ndiko tutakakofanya kazi kwanza, mjukuu wangu. Milima itangoja."

Kazi yenyewe inataka subira. Kabla reli haijapigiliwa, meza hutobolewa tundu mahali pale pale litakapokaa taruma linalounganisha ncha mbili za swichi, taruma ambalo huteleza kidogo kwenda na kurudi. Mota hufungwa kwa skrubu upande wa chini. Waya wa chuma wenye mnepo hupanda kutoka kwenye mota, hupenya unene wa meza na kuingia katika kijitundu cha taruma hilo. Mota ikigeuka, waya husukuma, ncha za reli husogea, na treni iliyo juu hubadili njia. Fundi mwangalifu huiweka mota katikati ya mwendo wake, na ncha za swichi nazo katikati, ndipo anapokaza skrubu. Akikosea hata milimita chache, swichi itafunga vizuri upande mmoja na kubaki imeachama upande wa pili. Meza ikiwa nene, waya mwembamba hupinda njiani na nguvu ya mota haifiki juu, kwa hiyo huwekwa waya mgumu zaidi. Anayelehemu nyaya huku amelala chali asisahau miwani, kwa sababu risasi iliyoyeyuka hudondoka usoni.

Mgeni akija kuitazama reli hiyo ikikamilika, ataona treni na vituo na daraja. Mota hataiona kamwe.

Nilipowatazama watoto wale, nilimkumbuka binti wa sura ya 5 ya Wafalme wa Pili. Mnamjua, ingawa Maandiko hayakutupa jina lake. Askari wa Shamu walivamia nchi ya Israeli, wakamchukua mateka akiwa bado msichana mdogo, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Naamani alikuwa jemadari wa jeshi, mtu mkubwa mbele ya mfalme wake, lakini alikuwa na ukoma. Siku moja binti yule alimwambia bibi yake kwamba laiti bwana angefika kwa nabii aliyeko Samaria, angeponywa. Hayo tu ndiyo maneno yake katika Biblia nzima. Baada ya hapo hatajwi tena.

Tazameni sasa jinsi safari ile ilivyokwenda. Wengi tunaisoma kwa haraka tukikimbilia mto Yordani, na tunapitwa na jambo zito. Binti alisema nabii. Habari ilipofika kwa mfalme wa Shamu, ikawa barua ya mfalme kwa mfalme, pamoja na talanta 10 za fedha, shekeli 6,000 za dhahabu na mavazi 10. Ikulu haikuwaza kumpeleka mtu mahali pengine ila ikulu. Kwa hiyo Naamani alifika kwenye mlango usio wake, na mfalme wa Israeli akararua mavazi yake akidhani anatafutiwa vita. Safari ilikuwa imeingia njia ya pembeni. Elisha ndiye aliyetuma ujumbe kuirudisha: mleteni kwangu.

Kisha ikaja hatari kubwa zaidi. Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Naamani akaghadhibika. Mito ya Dameski, Abana na Farpari, aliiona bora kuliko maji yote ya Israeli, akageuka aende zake kwa hasira. Hapo, mtu aliyebebwa mbali namna ile na neno la mtumishi mdogo alikuwa anarudi kwao na ukoma wake. Waliomzuia ni watumishi wengine wasio na majina. Walimwita baba, wakamwuliza kwa upole: kama nabii angekuagiza jambo kubwa, usingelifanya? Basi akashuka mtoni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, Naamani hakuponywa kwa neno moja la binti peke yake, ingawa bila neno hilo asingeondoka nyumbani. Mwanzoni alikuwepo msichana mtumishi, na kwenye kona iliyokuwa mbaya kuliko zote walikuwepo watu wa msafara, yaelekea waliokuwa wakishika farasi na kubeba mizigo. Hawakufahamiana na binti huyo kama washirika wa mpango wowote. Kila mmoja aliisogeza njia pale alipokuwa, kwa kiasi alichoweza, na jemadari mwenye magari ya farasi akapita juu yao akienda kupona.

Nawaambia ninyi dada zangu mnaofanya kazi katika nyumba za Al Khuwair, Azaiba, Mawaleh na Al Hail. Wengi mmeniambia kwamba maisha yenu hapa ni ya kungoja: kungoja mkataba uishe, kungoja mshahara utumwe nyumbani, kungoja siku ya kupumzika. Mnaona kana kwamba mambo ya maana yanatendeka huko juu, kwa wenye nyumba na wenye ofisi. Lakini ninyi ndio mnaomwona mtoto wa nyumba akianza kunyamaza kabla mama yake hajaliona. Ninyi ndio mnaojua mzee wa nyumba ameacha kumeza dawa zake. Neno lenu moja, likisemwa kwa heshima na kwa wakati wake, laweza kumpeleka mtu hospitali akiwa bado anatibika. Ninawafahamu baadhi yenu mliofanya hivyo, na nyumba nzima haikumbuki aliyesema kwanza. Mungu anakumbuka.

Lakini lisipotoshwe hili. Kuna mahubiri yanayomtumia binti wa Naamani kuwanyamazisha watumishi: uwe mwema, uvumilie, labda Mungu amekuweka hapo kwa kusudi. Mimi siyakubali. Biblia inasema waziwazi kwamba alichukuliwa mateka na wavamizi. Wema wake haukuufanya wizi ule kuwa halali, na Mungu aliyemtumia si yeye aliyemteka. Dada ambaye pasipoti yake imefichwa, au hajalipwa, au anapigwa, asiambiwe na mtu yeyote wa kanisa hili kwamba hiyo ndiyo huduma yake. Aje kwetu, au apige simu ubalozi wa nchi yake, na sisi tutasimama naye.

Mji huu wenyewe una kumbukumbu ya utekaji wa namna hiyo. Mwaka 1893 mmisionari Mmarekani, Peter Zwemer, alianza kazi Muscat. Mwaka 1896 alikabidhiwa wavulana Waafrika 18 waliokuwa wameokolewa kutoka majahazi ya watumwa, akawafungulia shule nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1898, akiwa bado kijana. Sisi tunaoabudu Ruwi leo, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultan Qaboos, hupenda kuhesabu historia yetu kwa majina ya wamisionari na madaktari. Ni majina mazuri, nami nayaheshimu. Lakini kati ya waliosoma neno la Mungu mwanzoni katika kazi ile walikuwa watoto 18 wa kwetu, walioletwa hapa kwa nguvu. Nikiwaza juu ya Waafrika wanaoimba Muscat kila Ijumaa, ninaanza kuhesabu kutoka kwao.

Sasa nirudi chini ya meza, maana kuna jambo ambalo mzee wetu alilisema kwa ukali ambao watoto hawakuuzoea. Mmoja wao alikuwa amefunga mota, akabonyeza, swichi ikasogea karibu yote. Ilibaki nafasi ndogo, kama unene wa karatasi kadhaa. Mtoto akasema inatosha. Mzee akamwambia aifungue yote aanze upya.

Swichi iliyofungwa nusu ni hatari kuliko swichi iliyoelekezwa njia isiyo sahihi. Ikielekea njia nyingine, treni itafika pengine na abiria watalalamika. Ikibaki imeachama, ukingo wa gurudumu waweza kuingia ufani, magurudumu ya mbele yakashika njia hii na ya nyuma yakashika ile, na treni ikapasuka juu ya reli. Uingereza ilijifunza hivyo kwa machozi. Tarehe 10 Mei 2002, huko Potters Bar, swichi iliyokuwa na kasoro iliangusha behewa la mwisho la treni na watu 7 wakafa. Tarehe 23 Februari 2007, karibu na Grayrigg, treni ya London kwenda Glasgow ilitoka relini kwa sababu vyuma vinavyoshikilia ncha za swichi pamoja vilikuwa vimelegea na kukatika. Mama mmoja mzee alifariki na wengi wakaumia. Ukaguzi uliopangwa kufanyika siku tano kabla yake, tarehe 18, haukufanyika mahali pale. Treni yenyewe ilikuwa ya kisasa na dereva hakuwa na kosa. Ubovu ulikuwa chini, kwenye nati ambazo hakuna abiria aliyewahi kuziangalia.

Jambo hili linanichoma kama mchungaji. Usharika wetu una kwaya nzuri, una vipaza sauti vipya, una watu wanaosoma Neno vizuri mbele ya watu. Hayo yote ni treni. Wanaokuja saa moja kabla kupanga viti, anayepokea simu za usiku za dada walio katika shida, anayeendesha gari lake hadi Barka kumchukua mtu mmoja ili asikose ibada, hao ndio walio chini ya meza. Ni lini mara ya mwisho tuliwauliza kama wamechoka? Tunaweza kuwaita nguzo za kanisa na bado tusiwatembelee. Fundi mzuri huifunga mota mahali ambapo mkono unaweza kufika, aweze kuilegeza skrubu na kuitoa bila kubomoa mlima uliojengwa juu yake. Mota iliyozibiwa ndani huharibika kimya kimya, na mwenye reli hujua treni ikianguka.

Baraza la wazee limekubali ombi langu: kuanzia mwezi ujao, kila mmoja wenu anayehudumu nyuma ya pazia atakuwa na mtu wa kushika zamu yake, na atapumzika. Msikatae. Najua kuna wanaoona kupumzika ni kukosa uaminifu.

Kuhusu hili la kuhudumu bila kuungua, mzee alitufundisha aina mbili za mota. Ya kwanza ina koili mbili na kipande cha chuma katikati. Ukibonyeza, umeme hupita kwa kishindo, chuma huruka upande mmoja, ta! Koili hiyo inataka umeme wa nukta moja tu. Ukisahau kidole kwenye kitufe, itaungua. Ya pili ina giya ndogo na hutembea polepole. Mafundi wengi hutumia ile iitwayo Tortoise, ya kampuni ya Circuitron. Ikifika mwisho wa mwendo wake husimama huku ikiendelea kuisukuma swichi kwa nguvu kidogo, ikila umeme mdogo sana, kama miliampia 16, na yaweza kukaa hivyo mwaka mzima isiungue. Mzee anaipenda hii ya pili, nami nakubaliana naye. Msaada wetu kwa aliyefiwa nao ni wa aina hizo mbili: dada aliyepoteza mama yake nyumbani na asipate ruhusa ya kwenda kuzika, siku ya kwanza hupokea simu nyingi mno. Tunachanga, tunaomba, tunalia naye. Wiki ya tatu simu zinakoma, na ndipo msiba unapoanza kumwelemea, akiwa peke yake chumbani. Mwenye kumtumia ujumbe mfupi kila Jumanne, miezi sita, bila maneno mengi, ndiye anayemshikilia asiteleze. Siwakatazi kuja kwa kishindo siku ya kwanza. Ninaomba wachache kati yenu wajitolee kwa zile Jumanne.

Nimebakiza mtu mmoja katika habari ya Naamani. Ukisoma sura ile hadi mwisho utamkuta Gehazi, mtumishi wa Elisha. Naye alikuwa mtu wa nyuma, anayetumwa, aliyezoea kusimama mlangoni. Aliona nabii amekataa zawadi za Naamani, akapiga mbio kulifuata gari, akatunga hadithi ya wageni wawili, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Akazificha nyumbani, akarudi na kusimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakwenda popote. Basi kukaa chini ya meza hakumfanyi mtu kuwa mwema. Aliye karibu na swichi anaweza pia kuigeuza kwa faida yake, na kwa kuwa haonekani, huenda asiulizwe.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo ninaloliona kwetu. Mawakala wanawapigia baadhi yenu, wanaomba namba za simu za wasichana wa nyumbani, Kitui au Tanga au Masaka, na wanaahidi kulipa kwa kila anayekuja. Kwa binti huyo wewe ni shangazi, ni dada mkubwa. Akikusikia wewe ukisema njoo, atakuja. Hatamwuliza wakala maswali ambayo angemwuliza mtu asiyemjua. Neno lako litageuza njia ya maisha yake yote. Kuja Oman kwaweza kumletea baraka, na wengi wenu mmesomesha wadogo zenu kwa kazi ya hapa. Kabla hujaituma namba hiyo, mpigie wewe kwanza. Mwambie mshahara halisi, saa za kazi, kama ataruhusiwa kuwa na simu, pasipoti itakaa kwa nani, na ulivyolia mwezi wa kwanza. Mwambie pia kwamba wakala atakulipa wewe. Kisha mwache aamue, na akija, Ijumaa yake ya kwanza mlete kwetu hapa Ruwi tumfahamu kwa jina.